Damu ina dawa yake ya maumivu, lakini haimtoshi mgonjwa wa saratani

Anayesafiri kutoka Nakuru kwenda Eldoret huijua Timboroa kwa baridi kabla hajakiona kibao chake. Vioo vya matatu huingia ukungu, abiria hujifunika makoti na leso, na kando ya barabara akina mama huwa wamepanga viazi na kabichi mbele yao huku mikono wameificha makwapani. Kituo cha reli cha hapa, kwenye njia iliyojengwa miaka ya 1920 kuelekea Uganda, kiko zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari. Ni huko nilikopewa hoja ambayo sikuwahi kuisikia tangu nihitimu udaktari, na kwa kuwa sidhani ni mimi peke yangu nitakayeisikia, nimeona niijibu hapa.

Nilikuwa nimeitwa nyumbani kwa mzee mmoja mkulima wa viazi. Saratani ilianzia kwenye tezi kibofu, kisha ikaingia mifupa ya nyonga na uti wa mgongo. Nilimkuta amelala ubavu, ncha ya blanketi ameing'ata kwa meno. Hakulia wala hakulalamika. Mkewe ndiye aliyenidokezea, tukiwa mlangoni pa jikoni, kwamba mzee hajapata usingizi kwa usiku sita, na kwamba hataki tena wajukuu wakimbie chumbani kwa sababu mtikisiko wa sakafu ya mbao humfikia mifupani. Dawa aliyokuwa akitumia ni vidonge vile vya kawaida vya dukani. Nikarudi ndani nikasema wakati umefika wa kumwanzishia mofini ya kunywa.

Hapo mwanawe, kijana wa mbio za masafa marefu anayefanya mazoezi kwenye njia za msituni huko huko, akaniomba tutoke nje.

"Daktari, usinione sina adabu," akasema. "Mzee wetu ni mtu wa kuvumilia. Nimesoma kwamba damu ya binadamu ina dawa yake yenyewe ya maumivu, na sisi tunaoishi huku juu tuna damu nzito kuliko watu wa bondeni. Hiyo mofini ni jamaa ya unga. Mwache mzee apigane kwa dawa aliyopewa na Mungu."

Akatoa mfukoni kipande cha gazeti kilichokunjwa mara nne. Nilikisoma nikiwa nimesimama. Yaliyoandikwa humo yalikuwa kweli, na hilo ndilo lililonipa kazi, maana uongo hujibiwa kwa neno moja lakini nusu ya ukweli inataka watu wakae chini.

Basi na tukae chini, msomaji.

Mtu mzima ana damu ya lita tano hivi. Wekundu wake hutokana na himoglobini, ile protini inayobeba oksijeni kutoka mapafuni. Katika seli moja nyekundu, ambayo huwezi kuiona bila hadubini, mna molekuli za himoglobini zipatazo milioni 270. Seli hiyo huishi siku 120 hivi, kisha huvunjwa katika wengu na ini. Kila sekunde, seli kama milioni mbili hufa na nyingine milioni mbili huzaliwa kuchukua nafasi yao. Kwa siku moja mwili wako huvunja gramu sita au saba za himoglobini. Sisi tuliosomea udaktari tulifundishwa kuwa huo ni usafishaji tu: madini ya chuma yanahifadhiwa, rangi inageuzwa kuwa nyongo, na protini inakatwakatwa ili itumike tena.

Mwaka wa 1986 watafiti wa Ujerumani, Brantl na Herz wakiwa miongoni mwao, walichukua damu ya ng'ombe wakaichanganya na vimeng'enya vya kusaga chakula tumboni. Katika vipande vilivyotokea wakakuta vingine vinafanya kazi kama afyuni. Vipande vya namna hiyo vya protini huitwa peptidi, na hivi wakaviita himofini: nusu ya jina kutoka kwa damu na nusu kutoka kwa mofini. Ukiufikiria mnyororo mmoja wa himoglobini kama mkufu wa shanga 146, basi himofini ndogo kuliko zote ni shanga nne tu zilizokatwa katikati ya mkufu huo. Zikiwa ndani ya mkufu hazina habari na maumivu. Zikikatwa mahali panapofaa, huwa kitu kingine kabisa.

(Najua kuna msomaji ameshaanza kufikiria damu ya ng'ombe. Jamii kadhaa za Bonde la Ufa zimekunywa damu mbichi na maziwa tangu zamani, na hata leo mutura yenye damu huchomwa jioni kwenye vituo vingi vya barabara kuu. Ni chakula kizuri cha kuongeza madini ya chuma, mradi ng'ombe awe mzima na nyama imeiva. Lakini tumbo likishamaliza kazi yake, kinachobaki na kufika kwenye neva ni kidogo mno. Usile mutura kwa ajili ya mgongo.)

Kijana yule alikuwa na sababu ya kuvutiwa na habari hii. Mwaka wa 1993 watafiti wa Sweden, akiwamo Fred Nyberg wa Chuo Kikuu cha Uppsala, walichapisha matokeo ya kupima damu ya wakimbiaji wa masafa marefu. Baada ya mbio, himofini zilikuwa zimeongezeka, na pamoja nazo endofini, peptidi nyingine ya aina hiyo ambayo haitoki kwenye himoglobini. Si ajabu himoglobini ivunjike zaidi wakati wa kukimbia. Tangu 1881 madaktari wanajua habari za askari wa Ujerumani aliyetoa mkojo mwekundu baada ya kutembea gwaride refu, maana seli za damu husagika chini ya nyayo zinapogonga ardhi maelfu ya mara. Mkimbiaji wa Timboroa anagonga ardhi ngumu kila asubuhi, kwa kilomita nyingi. Kwa hiyo, naam, ndani ya damu yake kuna dawa ya maumivu inayotengenezwa njiani akikimbia.

Sasa, dawa hiyo inafanya kazi vipi? Hapa ndipo kijana na mimi tulipoanza kuachana njia.

Mwaka wa 1973 Candace Pert na Solomon Snyder, katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins huko Marekani, walionyesha kwamba seli za ubongo zina mahali maalumu ambapo dawa za jamii ya afyuni hujishikiza. Tuseme ni kufuli. Mofini ni ufunguo. Ukiingia kufulini, habari ya maumivu inayopanda kutoka kwenye mfupa au kidonda hupunguzwa njiani, katika uti wa mgongo na ubongoni. Swali likawa, kwa nini Mungu, au maumbile, yaweke ndani ya kichwa cha binadamu kufuli ya ua linalomea mashambani Asia? Jibu lilikuja 1975, wakati John Hughes na Hans Kosterlitz wa Aberdeen, Scotland, walipopata katika bongo za nguruwe funguo za mwili wenyewe, wakaziita enkefalini. Endofini zikafuata, na baadaye himofini. Kufuli ilikuwa yetu tangu mwanzo. Mmea ndio uliobahatika kuwa na ufunguo unaofanana.

Soma tena sentensi hizo mbili za mwisho, kwa sababu ndizo nilizomwambia yule kijana. Ikiwa unaamini kwamba mwili una dawa yake ya maumivu, na uko sawa kuamini, basi umeshakubali kwamba mofini si mgeni mwilini. Inapita mlango ule ule. Kuna hata dawa iitwayo naloksoni, ambayo hospitalini hutumiwa kumzindua aliyezidishiwa mofini, na hiyo hiyo huzuia funguo za mwili wenyewe. Mwaka wa 1978 watafiti wa California walionyesha kwamba wagonjwa waliong'olewa meno, ambao walipata nafuu kwa dawa ya bandia isiyo na kitu, nafuu yao iliweza kuzuiwa kwa naloksoni. Maana yake ni kwamba imani na maneno mazuri ya tabibu hufungua kufuli hiyo hiyo. Mimi tangu niliposoma hayo nimekuwa mwangalifu na sauti yangu chumbani mwa mgonjwa.

Tofauti iko kwenye nguvu. Himofini hushika kufuli kwa ulegevu sana zikilinganishwa na mofini, na hadi leo hakuna dawa ya maumivu iliyoidhinishwa iliyotengenezwa kutokana nazo. Huenda siku moja ikapatikana, na wanaozichunguza hawapotezi wakati wao. Nyingine katika jamii hiyo zimeonekana kugusa hata shinikizo la damu na kumbukumbu. Lakini yeyote atakayekuuzia leo kwenye stendi ya Eldoret chupa ya "kuamsha dawa iliyo ndani ya damu" anakuuzia maji yenye rangi. Na ile habari ya kuwa na damu nzito kwa kuishi juu ni kweli pia, kwani hewa ya Timboroa ina oksijeni pungufu kwa zaidi ya robo ikilinganishwa na ya Mombasa, na mwili huongeza himoglobini kufidia. Ila himoglobini nyingi si sawa na himofini nyingi. Mkufu mrefu si shanga zilizokatwa.

Hata ile raha anayoisikia mkimbiaji baada ya mbio, ambayo magazeti yamekuwa yakiipa endofini sifa zote, imeanza kutiliwa shaka. Mwaka wa 2021 watafiti wa Ujerumani waliwapa wakimbiaji dawa ya kuziba kufuli za afyuni, wakakimbia, na raha ile wakaipata vilevile.

Nilimuuliza kijana: je, unamjua Kipchoge Keino? Akacheka, maana hilo si swali la kumuuliza mtu wa huku. Basi nikamkumbusha habari za Mexico, 1968. Jiji lile liko kwenye mwinuko wa mita 2,240 hivi, chini ya Timboroa. Keino alifika akiwa na ugonjwa wa kibofu cha nyongo, na madaktari wakamshauri asikimbie. Katika mbio za mita 10,000 maumivu yalimkunja akaanguka pembeni mwa uwanja kabla ya kumaliza. Kisha akapata fedha katika mita 5,000, na tarehe 20 Oktoba akashinda dhahabu ya mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 34.9, akimwacha Jim Ryun mbali nyuma yake.

Tunapoisimulia hadithi hiyo huwa tunasimulia dhahabu. Mimi nilimwomba kijana afikirie ile siku ya mita 10,000. Mtu aliyezaliwa na kulelewa kwenye nyanda za juu, mwenye mazoezi kuliko karibu wanadamu wote, mwenye moyo ambao hakuna anayeweza kuutilia shaka, damu yake ikiwa imejaa kila dawa ambayo mwili unaweza kujitengenezea, bado alianguka chini kwa maumivu. Dawa ya mwili ina kikomo. Na ugonjwa wa nyongo huja ukaondoka, wakati saratani iliyo ndani ya mfupa haiondoki.

Kuna ushahidi wa pili, nao kwangu ni mzito kuliko wa Keino. Wale wanaougua selimundu huzaliwa na himoglobini yenye kosa moja dogo, shanga moja kati ya zile 146 imebadilishwa. Kwa kosa hilo seli zao hupinda kama mundu, huziba mishipa midogo, na huvunjika mapema: badala ya siku 120 huishi siku 10 hadi 20 tu. Ni watu wachache ambao himoglobini yao huvunjwa kwa wingi kama wao. Ikiwa mabaki ya damu yangetosha kutuliza maumivu, mtoto wa selimundu angekuwa ndiye mtu asiyejua maumivu kuliko sisi sote. Wewe uliyewahi kukaa naye usiku mmoja wakati mifupa inapomshika unajua ilivyo. Niliwahi kuitwa kwenye basi lililosimama hapo hapo Timboroa, likitoka upande wa Bungoma. Msichana wa miaka tisa alikuwa ameanza kushikwa basi lilipopanda, kwa kuwa hewa nyembamba na baridi huzipinda seli hizo zaidi. Alikuwa akipiga kelele moja ndefu isiyo na pumzi, na abiria wengine walikuwa wameshuka kwa sababu hawakuweza kuisikiliza. (Wazazi wenye watoto wa aina hiyo: kabla ya safari ya kupita huku juu ongeeni na daktari wenu, mtoto anywe maji ya kutosha, na avae nguo nzito tangu mnapoondoka.) Kwa mtoto kama yule, maumivu yakifikia kiwango kile, hospitalini dawa yake ni mofini, tena mapema. Bado wapo wanaompa panadoli mbili na kumwambia awe msichana mkubwa.

Siwanyoshei wengine kidole. Nikiwa daktari kijana katika hospitali moja ambayo sitaitaja, mama mmoja mwenye saratani ya kizazi alinishika koti usiku na kuniambia, "Daktari mwanangu, nisaidie, nakufa kwa maumivu." Mofini ilikuwa kabatini chini ya ufunguo, na daftari lake lilitaka sahihi mbili. Niliogopa kipimo, niliogopa maswali ya asubuhi, nikamwambia, "Jikaze, mama, kutakucha." Kulikucha, naye alikuwa amefariki. Hakufa kwa ajili ya maumivu, lakini alikufa nayo, na sababu haikuwa ukosefu wa dawa.

Kwa hiyo niruhusu niseme waziwazi kuhusu hofu hizi, kwani nazisikia Eldoret, Nakuru na hata Nairobi kwa watu waliosoma sana.

Ya kwanza ni kwamba mofini humfanya mgonjwa kuwa mlevi wa dawa. Mgonjwa wa saratani anayepewa kipimo kinachoendana na maumivu yake, kwa saa maalumu, ni nadra kuingia katika tamaa ya dawa. Mwili wake utazoea, ndiyo, na dawa ikikatwa ghafla atasumbuka, ndiyo sababu hupunguzwa polepole ikiwa haihitajiki tena. Kuzoea si kulewa. Mgonjwa wa kisukari amezoea insulini na hatumwiti mlevi. Hofu hii haikutoka hewani, hata hivyo, na sitaki kuificha. Heroini inayoharibu vijana wa Pwani hutengenezwa kutokana na mofini. Marekani nako, dawa iitwayo OxyContin ilipoingia sokoni 1996 ilitangazwa kana kwamba haina hatari, ikaandikwa kwa watu wenye maumivu ya mgongo na magoti waliohitaji kitu kingine, na maafa yaliyofuata dunia nzima imeyasikia. Kampuni husika ilikiri makosa mahakamani 2007 na tena 2020. Kosa lilikuwa kuwapa wasiohitaji kwa tamaa ya faida. Kosa letu sisi limekuwa kinyume chake, na halijaleta faida kwa yeyote.

Ya pili ni kwamba mofini ni dawa ya kufa, kwamba daktari akiitaja amekata tamaa. Ikitolewa vizuri haimharakishi mtu kaburini. Siku mbili tatu za kwanza atasinzia, mara nyingi kwa sababu ana deni la usingizi, na anaweza kusikia kichefuchefu. Kufunga choo kutamsumbua kwa muda wote atakaoitumia, kwa hiyo apewe dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza. Daktari akisahau, mkumbushe. Ikizidishwa hupunguza pumzi, na ndiyo maana haigawanywi kwa jirani wala kuongezwa kwa kukisia.

Ya tatu ndiyo ya yule kijana, nayo ni ya heshima, kwa hiyo ni ngumu zaidi. Tumelelewa kuheshimu anayevumilia. Wengi wetu tulisimama jandoni alfajiri na hatukupepesa jicho, na aibu ya kupepesa ingefuata ukoo mzima. Sina ugomvi na mafunzo hayo. Lakini jando lina mwisho, na kijana anajua kwamba likiisha atapewa jina na chakula. Mzee wa saratani anavumilia kuelekea wapi? Na tazama ni nani anayemsifu kwa uvumilivu. Mara nyingi ni sisi tulio wazima, tunaopata usingizi chumba cha pili.

Mwaka ule ule wa 1986, himofini zilipotangazwa, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kutuliza maumivu ya saratani: anza na dawa nyepesi, panda hadi ya kati, na ikishindikana nenda kwenye mofini, kwa mdomo, kwa saa, bila kungoja mgonjwa alie. Mofini ilikuwa tayari kwenye orodha ya shirika hilo ya dawa muhimu tangu 1977. Kenya ilipata hospisi ya Nairobi mwaka wa 1990. Hata hivyo, shirika la Human Rights Watch lilipochunguza watoto wetu wagonjwa na kuchapisha ripoti 2010, lilikuta mofini ya kunywa katika hospitali saba tu za umma nchini. Tangu hapo huduma imepanuka, na Eldoret ina hospisi yake. Ila majirani zetu wa Uganda walitutangulia. Daktari Anne Merriman alianzisha hospisi huko Kampala 1993, mofini ikichanganywa kutoka unga hadi maji ya chupa kwa gharama ndogo, na tangu 2004 wauguzi na maafisa wa kliniki waliopata mafunzo maalumu wanaruhusiwa kisheria kuiandika. Mgonjwa huipata bila malipo. Nchi maskini kuliko yetu iliamua, ikafanya. Mzee wa kijiji cha huko hahitaji daktari asafiri kumfuata, kwa kuwa muuguzi aliye karibu ana ruhusa ya kuandika. Kwetu bado ruhusa hiyo imefungiwa kwa wachache, na wachache hao wako mjini. Hili ni jambo la kuwauliza wanaogombea viti, kaunti na bungeni, badala ya kuwauliza fulana.

Wewe msomaji mwenye mgonjwa nyumbani, usingoje akuambie. Wazee wetu hawasemi. Mwulize ampe maumivu alama kati ya 0 na 10, akikataa mtazame usiku: analala ubavu gani, anajigeuza vipi, ameacha kula lini. Yaandike, uende nayo. Mwulize daktari neno hili hili, "Je, amefikia mofini?" Akikuambia haipo, muulize hospitali gani ya rufaa au hospisi gani inayo. Na tafadhali usimrundikie vidonge vya dukani vya kuondoa uvimbe, vile vya kumi kwa shilingi chache, kwani kwa wiki nyingi huchoma tumbo na kuharibu figo za mzee kuliko mofini itakavyofanya. Wakimbiaji mnaovimeza kabla ya mbio, neno hilo linawahusu pia.

Tuliongea na yule kijana mpaka giza likaingia, mkewe mzee akatuletea chai ya maziwa mara mbili. Mwisho akauliza swali la mkimbiaji: kama ufunguo ni ule ule, je, baba yake atakuwa bado ni yule yule? Nikamwambia atamjua kesho kutwa.

Mzee alianza mofini ya maji, kila baada ya saa nne, na ya kulalia maradufu ili asiamke usiku. Siku ya kwanza alilala karibu mchana kutwa, na nyumba ikapigwa na hofu, nikapigiwa simu mara tatu. Siku ya tatu aliomba viti vitolewe nje juani. Aliishi wiki kumi na moja. Katika wiki hizo aligawa shamba mbele ya mashahidi, akagombana na kaka yake kuhusu mpaka na akamshinda, na wajukuu wakarudi kukimbia juu ya ile sakafu ya mbao. Mkewe anasema siku nne za mwisho hakuzungumza sana, lakini uso wake haukuwa umekunjwa.

Baada ya mazishi kijana alikuja Eldoret kwa matatu ya asubuhi, chupa akiwa ameifunga ndani ya soksi safi na karatasi, kwa sababu nilikuwa nimemwambia kuwa dawa inayobaki haiachwi nyumbani. Tuliipima pamoja juu ya meza. Ilikuwa imebaki ya siku nne.